Timu ya shule, timu ya mtaa au akademi? Kwa mzazi wa Mwanza anayesitasita

Mtoto ana miaka kumi, anapiga mpira kwenye ukuta wa jirani mpaka jirani kaja kulalamika, na kila anayepita anakuuliza: "Huyu mbona humpeleki mahali?" Mahali penyewe wapi sasa? Hapa Mwanza kwa kawaida ni patatu: shuleni kwake, kwenye timu ya watoto ya mtaani, au kwenye akademi ya kulipia.

Nimekuwa mtunza jezi wa timu ya watoto huku Mabatini kwa miaka sita. Maana yake nafua jezi kumi na nane kila Jumatatu na kusikiliza manung'uniko ya wazazi kila Jumamosi. Wangu wawili wamepita njia tofauti: mkubwa, wa kiume, alikwenda akademi mwaka mmoja kisha akarudi mtaani, mdogo, wa kike, yuko timu ya shule. Nakiri mapema kwamba moyo wangu uko mtaani, kwa hiyo nikionekana kuupendelea, nipunguzie alama.

Unapima kwa lipi?

Wengi huanza na "wapi atatoka?", yaani wapi ataonekana, achukuliwe, siku moja tumsikie redioni akiichezea Pamba, timu yetu ya hapa Mwanza. Siwalaumu. Tangu Pamba irudi Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya miaka 23 ya kuhangaika huko chini, kila baba wa Mwanza amejikuta ana mtoto mwenye kipaji. Lakini kwa mtoto wa miaka kumi hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na ndilo wanalolitumia wanaoitaka hela yako.

Mimi napima kwa mambo ambayo mzazi anaweza kuyaona kwa macho yake ndani ya wiki mbili. Nani anakuwa na mtoto jioni. Anacheza dakika ngapi. Pesa inakwenda wapi. Masomo yanabaki wapi. Na kama kweli ana kipaji, njia inaelekea wapi. Kwa mwenye binti kuna jingine, nimelitenga peke yake.

Saa kumi mpaka saa moja jioni

Hili nimelitanguliza makusudi na nitalikalia. Mzazi huuliza kocha amecheza timu gani, haulizi kocha anaondoka uwanjani saa ngapi.

Shuleni, mtoto yuko na mwalimu wa michezo. Ana mwajiri, ana mwalimu mkuu juu yake, na likitokea jambo unajua ofisi ya kwenda. Udhaifu ni kwamba huyohuyo ndiye anayefundisha hisabati darasa zima lililojaa, kwa hiyo mazoezi hupungua kila akibanwa. Pia kuna kambi. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia shule, yakapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na kadiri timu inavyopanda ndivyo watoto wanavyolala nje ya nyumbani. Uliza kabla hajafungasha godoro: wanalala wapi, nani analala karibu nao, wasichana wana mwalimu wa kike? Hakuna mwalimu mwema atakayekasirikia maswali hayo.

Mtaani, kocha ni kijana mliyemwona akikua. Asubuhi yuko Mwaloni anabeba samaki au yuko kijiweni na bodaboda yake, jioni anapuliza filimbi. Halipwi. Kinachomlinda mtoto hapo ni macho: mama muuza vitumbua yupo pembeni ya uwanja, fundi cherehani yupo, wazee wa bao wapo, na kocha mwenyewe mama yake anafahamika. Nimeona macho hayo yakifanya kazi. Nimeona pia siku hayapo, mechi ikiwa Igoma au Buhongwa, watoto ishirini kwenye daladala na mtu mzima mmoja. Na hakuna aliyewahi kumchunguza huyo kijana kwa karatasi. Tunamjua tu, na "tunamjua tu" si kinga kamili. Sanduku la huduma ya kwanza? Kwetu lilikuwa chupa ya spiriti na kitambaa mpaka juzijuzi.

Halafu kuna ziwa. Timu zinazofanya mazoezi karibu na maji, kuanzia Kirumba hadi Mkuyuni, zina desturi ya watoto kumalizia kwa kujitosa. Wana jasho, wana vumbi, maji yapo hapo. Ukiacha kuzama, kuna kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi bila mtoto kumeza hata tone. Kichocho cha ukanda huu wa ziwa zaidi ni kile cha tumbo, kinachoshambulia utumbo na ini, kwa hiyo usikae ukisubiri damu kwenye mkojo ndipo ushtuke. Mtoto anayelalamika tumbo kila mara na amezoea kuoga ziwani apelekwe akapimwe, na siku ya kugawa dawa shuleni asikose. Kocha yeyote anayewaruhusu kujitosa baada ya mazoezi, hata awe fundi kiasi gani, mwambie.

Akademi zina mpangilio zaidi: daftari la mahudhurio, makocha zaidi ya mmoja, koni, saa ya kuanza na ya kumaliza. Kwa ya kutwa, hilo ni jambo zuri. Kwa ya bweni, unakabidhi usiku pia, si jioni pekee. Hapo maswali yawe makali: matroni au patroni ni nani, ufunguo wa bweni anao nani, mtoto anapiga simu nyumbani siku gani, mzazi anaweza kuja bila kutoa taarifa? Mahali ambapo mzazi haruhusiwi kutazama mazoezi, mimi simwachi mwanangu hata kwa bure.

Kokote atakakokwenda, mtoto asiitwe peke yake nyumbani kwa kocha na asisafiri peke yake na kocha. Zawadi za siri zisiwepo. Mfundishe mtoto mwenyewe kwa maneno ya wazi, maana siku ya tukio wewe hutakuwepo.

Dakika za kucheza

Mwanangu aliporudi kutoka akademi nilimuuliza mwaka mzima amecheza mechi ngapi za ushindani. Nne. Tukakaa tukahesabu: dakika 55. Nilizihesabu kwa sababu nilizilipia. Sisemi alionewa, wenzake wa umri wake walikuwa wazuri kuliko yeye. Lakini mtoto hujifunza mpira kwa kuucheza, na benchi la akademi ni benchi kama la kwingine. Kwa haki lazima niseme pia kwamba alirudi anajua kupokea mpira kwa mguu wa kushoto, jambo ambalo sisi mtaani tusingemfundisha kwa miaka mitatu. Mazoezini kila mtoto alikuwa na mpira wake. Kwetu mpira ni mmoja, na wakati mwingine hauna upepo.

Shule nyingi za msingi za jiji zina wanafunzi zaidi ya elfu, na timu ni moja. Kwa mtoto wa darasa la nne nafasi hiyo ni finyu, wakubwa wa la saba wanaijaza. Ratiba yenyewe ina msimu: katikati ya mwaka moto mkali, kisha kimya. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya Corona, aliyekuwa akitegemea shule pekee alikosa kila kitu. Faida kubwa ya shule ni aina za michezo. Mtoto asiye wa soka anaweza kujikuta kwenye riadha, wavu, netiboli au mpira wa mikono, na mashindano hayo yana nafasi kwa wenye ulemavu, ukiwemo mpira wa goli kwa wasioona. Huo mtaani huuoni, na akademi nyingi ni soka tupu.

Mtaani kila mtoto anacheza. Wakizidi, zinagawanywa timu tatu, anayefungwa anatoka. Chandimu haina benchi. Hii ndiyo sababu naupenda mtaa, ila kuna siku mtaa unageuka: siku ya ndondo, mashindano ya mtaani, pakiwa na mbuzi wa zawadi. Hapo wakubwa wenye hela zao wanaleta mamluki, vijana wenye ndevu wanavalishwa jezi za watoto, na wadogo wanaofanya mazoezi mwaka mzima wanaokota mipira nje. Mwaka juzi katoto kamoja kaliniuliza, "Baba, nikija na mpira wangu mwenyewe watanichezesha?" Jibu lilikuwa hapana, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mfuko wa jezi. Sasa timu yetu haiingii ndondo ya mbuzi kwa watoto chini ya miaka 13. Tunapata mechi chache, wazee wanatununia.

Kuhusu wingi wa mazoezi, wapo wanaodhani kadiri yanavyozidi ndivyo bora. Kipimo wanachokitumia madaktari wa michezo ni chepesi kukumbuka: saa za mazoezi yaliyopangwa kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, na apate angalau siku moja au mbili za kupumzika kabisa. Mtoto wa miaka kumi asizidi saa kumi. Jumlisha vyote, maana wapo wanaochezea shule mchana, mtaa jioni na akademi Jumamosi, halafu mzazi anashangaa goti limevimba.

Pesa

Shule haina ada ya michezo iliyo wazi, lakini michango ipo: nauli, jezi, chakula cha kambi. Mtaani ni kuchangia mpira na maji, pamoja na njumu, ambazo Mlango Mmoja utapata za mtumba zenye hali nzuri ukiwahi asubuhi. Usimnunulie kubwa "atakua nazo"; kisigino kitachubuka na mguu utateguka kwenye viwanja vyetu hivi vya mteremko na mawe.

Akademi ni ada, sare, safari, na kitu ambacho hakiandikwi kwenye fomu: nauli ya Jumamosi. Konda humtambua mwanafunzi kwa sare ya shule. Akivaa jezi ya akademi na begi mgongoni, anaitwa abiria, analipa nauli ya mtu mzima. Kutoka Buhongwa kwenda Nyakato na kurudi, mara tatu kwa wiki, hesabu hiyo inaweza kukaribia ada yenyewe. Omba mchanganuo wa mwaka mzima kwenye karatasi, na risiti kwa kila unachotoa. Zipo pia zenye ufadhili kwa wasio na uwezo. Kituo kimoja cha hapa Mwanza kililea watoto wa mitaani ambao mwaka 2014 walikwenda Rio de Janeiro wakailetea Tanzania Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani. Kwa hiyo kukosa hela kusikufanye usiulize.

Masomo

Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, wa kidato cha nne ni Novemba, na michezo ya shule hukolea katikati ya mwaka. Mtoto wa la saba aliye kwenye timu ya mkoa atakosa vipindi wakati wenzake wanafanya marudio. Shule nzuri humpangia mwalimu wa kumfidia. Uliza kama yako inafanya hivyo au inamwachia aombe madaftari kwa rafiki. Akademi iliyo ndani ya shule hapa ina nafuu, kwa kuwa ratiba ni moja. Tatizo ni pale shule ikiwa jina tu la kupambia uwanja, na dawa yake ni kuangalia matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA ya miaka miwili mitatu. Yako wazi kwa kila mtu. Mtaa hauna kambi wala safari ndefu, lakini hauna pia wa kumwambia mtoto "nenda kasome kwanza". Wa kusema hivyo ni wewe.

Akiwa kweli ana kipaji

Hakuna kati ya njia hizi iliyo mlango uliofungwa. Akademi ndiyo fupi kuelekea soka la ushindani, na Mwanza ina ushahidi: Alliance ya Mahina, shule na akademi, ilipandisha timu yake hadi Ligi Kuu ikacheza misimu ya 2018/19 na 2019/20. Njia ya shule ni ndefu lakini ina ngazi zinazojulikana, na mtoto anayefika timu ya mkoa huonekana na watu wengi kwa wiki moja. Mtaani kuonekana ni bahati, au ni kocha mwenye namba za watu kwenye simu yake.

Mambo matatu ya karatasi yanazihusu zote. Kwanza cheti cha kuzaliwa cha RITA, kipatikane sasa, chenye umri wa kweli. Wapo watakaokushawishi umpunguzie mtoto miaka miwili. Kwenye mashindano makubwa ya chini ya miaka 17 kifundo cha mkono hupigwa picha ya MRI, na mifupa haina uongo. Mtoto ndiye anayebaki na aibu. Pili, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, ila kwa masharti machache sana, kama wazazi wenyewe kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo bwana anayekuja na miwani na fomu za "majaribio Ulaya" kwa mtoto wa miaka 13, akitaka hela ya pasipoti, msindikize mpaka kituo cha daladala. Alikuja mmoja mtaani kwetu, akala kuku wa mtu, akaondoka na shilingi laki tatu. Tatu, klabu zilizomlea mchezaji kuanzia msimu wa miaka 12 zinaweza kudai fidia ya mafunzo siku akisajiliwa kulipwa nje ya nchi. Usajili wa mtoto una thamani, basi usisaini karatasi usiyoielewa, na nakala ubaki nayo.

Kwa mwenye binti

Hapa mizani inabadilika. Mtaani wasichana wachache hucheza na wavulana mpaka miaka kumi, kumi na moja, kisha hupotea mmoja mmoja: kazi za nyumbani za jioni, maneno ya watu, giza, na kuona aibu siku za hedhi kwenye uwanja usio na choo. Kwetu tulianza na wasichana saba, wakabaki wawili. Shule ina netiboli, riadha, na mara nyingi mwalimu wa kike. Ndiyo maana wangu yuko huko na anafurahi. Akademi zinazochukua wasichana ni chache kuliko za wavulana, lakini usizidharau. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakiwa wameifunga Ufaransa njiani, na Alliance ina timu ya wanawake. Kwa binti, kabla ya kuuliza kocha kasomea wapi, uliza choo kiko wapi na anarudi nyumbani na nani.

Kwa hali yako

Ana miaka sita hadi tisa: mtaa, au ua wenu, kama kuna mtu mzima mnayemwamini pembeni. Shirika la Afya Duniani linataka saa moja ya kuuchosha mwili kila siku, na umri huo kukimbiza tairi ni mazoezi tosha. Akademi ya bweni kwa mtoto wa miaka minane sijaona bado sababu yake.

Ana kumi hadi kumi na mbili, anapenda kila mchezo: shule, na mtaa mwishoni mwa wiki. Aonje riadha, aonje wavu. Ukiwa na uwezo wa akademi ya kutwa iliyo jirani, mpeleke muhula mmoja, halafu mhesabie dakika.

Ana kumi na tatu kwenda juu, anaamka mwenyewe kabla ya jogoo kwenda kukimbia, na makocha wawili wasiojuana wamekuambia ana kitu: akademi iliyo ndani ya shule inaanza kuwa na maana. Nenda siku ya kawaida, si siku ya kuandikisha. Kaa chini ya mti, tazama wanavyowasemesha wale wasiojua.

Mzazi wa kulea peke yako, unarudi kutoka sokoni saa mbili usiku: chagua penye daftari na anayefunga geti, iwe shule au akademi ya kutwa, hata kama mtaa una mpira mtamu zaidi.

Ana haya, ni mnene, au alishachekwa: mtaa wenye kocha mpole unaweza kumfaa kuliko kwingine kote, au ukamuumiza kuliko kwingine kote. Inategemea kocha huyo mmoja. Njoo siku ya Jumanne, siku isiyo na mechi, usimame nyuma ya goli.

Hataki kabisa, wewe ndiye unayetaka: nunua jezi ya saizi yako. Wazee wa veterani wanaanza saa kumi na mbili asubuhi kila Jumapili, na beki wa kushoto tunamtafuta bado.